Ukanda wa Dirisha Ubambukapo: Mwongozo kwa Wenye Pikapu Kuukuu wa Chara

Mwenye pikapu kuukuu akaaye Chara, katika nchi ile ya tambarare ambako mto Tana hugawanyika mikono mikono na kufanya maziwa na vinamasi kabla ya kumwaga maji yake baharini huko Kipini, aghalabu huitunza injini yake kwa hadhari kubwa, akaibadilishia oili kwa wakati na kuusikiliza kila mlio mgeni utokao humo, na papo hapo akaupuuza ule ukanda mweusi ulalao chini ya kioo cha mlango, ambao umekwisha kupasuka, umejikunja pembeni, na sasa unabambuka vipande vipande kila afungapo mlango. Hudhani kuwa ule ni pambo, na gari la kubebea mpunga na maembe halina haja ya pambo. Lakini ukanda huo haukuwekwa kwa ajili ya uzuri peke yake. Uliwekwa uwe mlinzi wa mwanya ulio baina ya kioo na bati la mlango, na mlinzi akisha kuondoka, maji huingia humo bila ya kubisha hodi, yakatuama chini ya mlango mahali pasipoonekana, na mwenye gari hupata habari zake siku ile kutu itokezapo nje, wakati ambapo kazi ya msasa na kopo moja la rangi imekwisha kugeuka kuwa kazi ya fundi wa kuchomelea.

Jua ndilo adui wa kwanza. Chara iko kusini mwa ikweta kwa takriban nyuzi 2 na nusu tu, na chuma kilichopakwa rangi nyeusi, kikiachwa uwanjani wakati wa adhuhuri, huweza kufikia joto la nyuzi 70 za selsiasi, ambalo huyavukiza yale mafuta laini yaliyotiwa kiwandani ndani ya mpira na plastiki ili vinepe; navyo vikisha kuyakosa hukakamaa, hunywea, na hatimaye hupasuka. Mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho huikata gundi inayoshikanisha rangi, hata ikawa ukiipitishia kidole hutoka na unga. Kisha kuna chumvi, ambayo huletwa na pepo za bahari na kutua juu ya gari usiku pamoja na umande, nayo ina tabia ya kuvuta unyevu hewani hata siku isiyo ya mvua, kwa hivyo chini ya kila ufa wa rangi hubaki rutuba ya kutu ambayo jua la mchana haliikaushi. Fauka ya hayo, kuna mathenge, mti ule mgeni uliotamalaki kando ya njia nyingi za kaunti ya Tana River, ambao matawi yake yenye miiba huparura ubavu wa gari kuanzia kioo cha pembeni hadi kwenye kishikio cha mlango. Na kuna vumbi la udongo mweusi, laini mno, ambalo wakati wa kiangazi hujipenyeza katikati ya kioo na manyoya ya ukanda likawa msasa usiolala, kila kioo kikipanda na kikishuka.

Kabla sijaeleza yatendwayo, sina budi kueleza yasiyofaa kutendwa, maana mazoea mabaya yameenea kuliko mema. Wako watu wenye kuupaka ukanda uliochujuka oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, wakafurahi kuuona ukimetameta weusi kwa muda wa siku mbili. Oili hiyo huuvimbisha mpira, huulegeza, na hukaribisha vumbi lote la barabarani. Wako watumiao mafuta ya breki, na hao hujidhuru zaidi, kwa kuwa mafuta ya breki hula rangi ya gari, nayo yakitiririka mlangoni huacha mfereji ulioumuka usiofutika. Kiwi ya viatu haina dhara kubwa, illa mvua ya kwanza huishusha yote juu ya bati jeupe. Na wako, mwisho wao, wenye kupuliza rangi mpya juu ya ile inayobambuka, bila ya kukwangua wala kuosha, nao hawa hupata ukanda mzuri kwa mwezi mmoja, kisha rangi mpya hubambuka ikiwa imeikumbatia ile ya zamani, kwa sababu rangi haishiki zaidi ya kile ilichopakwa juu yake.

Basi kazi huanzia katika kutambua. Kitu kiitwacho ukanda wa dirisha si kimoja katika magari yote, wala si kimoja hata katika gari moja. Katika pikapu nyingi za miaka ya 1980 na 1990, ziwe ni Hilux, Isuzu, ama Land Cruiser za jamii ile iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, utakuta ukanda wa chini ya kioo, ambao ni utepe wa chuma chembamba uliovikwa mpira au plastiki nyeusi, wenye manyoya upande unaogusa kioo. Utakuta fremu ya dirisha lenyewe, ambayo ni bati la mlango, na ambayo kiwandani hupakwa rangi nyeusi isiyong'aa au hubandikwa utando mwembamba ambao mafundi huuita stika. Na utakuta raba ya kioo cha mbele na cha nyuma, ambayo ni mpira mtupu. Kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya kimoja ni sumu ya kingine.

Chukua kitambaa cheupe, ukitie thina kidogo, ukisugue mahali pasipoonekana, kwa mfano karibu na bawaba ya mlango. Kitambaa kikitoka na weusi mzito wenye kunata, hiyo ni rangi iliyopulizwa na mtu baada ya gari kutoka kiwandani. Kikitoka safi, huku ukucha ukiweza kuinua ukingo mwembamba kama wa ngozi, hiyo ni stika. Kikitoka na masizi mepesi, na kitu chenyewe kikabonyea chini ya kidole, huo ni mpira. Kisha chukua sumaku, hata ile ndogo itokayo katika spika ya redio iliyoharibika, uitie juu ya ukanda: ikishika, chini yake mna chuma na yamkini mna kutu, isiposhika, ni alumini au plastiki tupu, ambazo hazipati kutu lakini hukataa rangi ya kawaida isipotanguliwa na praima yake maalumu.

Wakati wa kuifanya kazi hii huku kwenye bonde la Tana ni jambo kubwa kuliko hata namna ya rangi utakayonunua, na wauzaji wa rangi, ambao maelezo ya makopo yao yaliandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi, hawatakwambia. Miezi ya masika, tangu Aprili hadi Juni, iache ipite. Na vuli vilevile, hususan Novemba, ambapo hewa yenyewe ni nzito kwa maji hata kabla mvua haijanyesha. Miezi iliyo mizuri ni Januari hadi katikati ya Machi, wakati wa kaskazi, na tena Agosti na Septemba, wakati kusi imepungua nguvu. Kwa siku, anza kupuliza rangi baada ya saa 3 asubuhi, umande ukisha kukauka hata ndani ya mikunjo ya bati, ukamalize kabla ya saa 5, maana baada ya hapo chuma huwa cha moto mno, rangi ikakauka juu juu ingali mbichi ndani, na alasiri upepo wa bahari hupanda na vumbi. Jioni usithubutu: rangi mbichi huvuta wadudu, na wadudu wa vinamasi vya Tana hawahitaji kualikwa mara mbili.

Mahali napo paangaliwe. Mtu hukimbilia chini ya mwembe kwa kuwa kivuli chake ni kizuri, nami nasema mwembe ni kivuli cha kupumzikia, si cha kupakia rangi, kwa maana hudondosha utomvu, na wakati wa maua hunyesha chavua juu ya kila kitu kilicho chini yake. Banda la makuti nalo hushusha vumbi lake upepo ukilitikisa. Afadhali turubai lililofungwa kwenye nguzo nne, ardhi ya chini yake ikiwa imenyunyiziwa maji nusu saa kabla, ili vumbi litulie.

Vifaa si vingi, na sehemu kubwa yake hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Garsen: msasa wa namba 80, 180, 320 na 600, na ukumbuke kuwa namba ikizidi ukubwa ndivyo chembe zake zizidivyo udogo, brashi ya waya, thina, mafuta ya taa, sabuni isiyo na mafuta, tepu ya karatasi ya wapaka rangi, si ile ya plastiki ya kufungia mizigo, magazeti ya zamani, na bisibisi. Dawa ya kugeuza kutu, iliyo na asidi ya fosforasi, praima ya chuma na makopo ya rangi nyeusi ya kupuliza, pamoja na kanda mpya ikiwa za zamani hazifai, pengine itakupasa kuagiza Malindi, ambako ni kilomita 100 na ushei kutoka Garsen, kwa hivyo agiza vyote kwa safari moja na uongeze kopo moja la ziada, kwa kuwa rangi inayokwisha ukiwa umebakiza nusu ya mlango ni balaa kuliko rangi iliyobaki.

Siku ya kwanza iwe ya kuosha tu. Watu huliona jambo hili kuwa dogo, wakamwaga ndoo mbili na kuendelea, na hapo ndipo kazi nyingi za pwani huharibikia, kwa sababu chumvi iliyobaki chini ya rangi haifi: huvuta maji kupitia katika rangi yenyewe, na baada ya miezi michache huinua malengelenge madogo madogo, yaliyojaa maji yenye chumvi ukiyatumbua. Yaangalie basi maji unayooshea. Upande wa Ozi na Kipini bahari huingia mtoni kila maji yajaapo, na visima vingi vina maji ya magadi. Kwa hiyo osha kwa maji yoyote uliyo nayo ukitaka, lakini suuza ya mwisho iwe kwa maji ya mvua au ya mtoni yaliyochotwa juu, mbali na chumvi, na yaliyotuama usiku mzima hata tope likaenda chini. Sugua kwa sabuni na mswaki wa zamani kandokando ya ukanda na katika pembe za fremu, ukirudia hata kitambaa cheupe kitoke cheupe.

Sasa tuje kwenye kuung'oa ukanda wa chini ya kioo, nami nitakawia hapa kidogo, kwa kuwa ndipo penye ustadi. Shusha kioo hadi mwisho. Bandika tepu ya karatasi kwa urefu wote wa bati lililo chini ya ukanda, mikunjo miwili au mitatu, ili chombo chako kikiteleza kisiparure rangi. Fungua mlango na utazame ncha ya ukanda iliyo upande wa kufuli: katika magari mengi utaona hapo parafujo moja ndogo, iliyofichwa na vumbi au na rangi, na wengi waliopindisha kanda zao ni wale walioivuta kwa nguvu bila ya kuijua parafujo hiyo. Ikiwa imeshikwa na kutu, itie mafuta mepesi, uiache saa nzima, ndipo uifungue. Ukisha kuitoa, usitumie bisibisi tupu kuunyanyulia ukanda. Chonga kijiti cha mwanzi kiwe bapa kama kisu kisicho na makali, ukipitishe chini ya mdomo wa nje, uhisi mahali penye klipu, na uinue pale pale penye klipu, kuelekea juu moja kwa moja, kidogo kidogo, ukiendelea kutoka upande wa kufuli kwenda upande wa bawaba. Usiinue ncha moja hata ikapanda juu huku ncha nyingine ingali imeshikwa. Chuma kilicho ndani ya ukanda ni laini, nacho kikisha kukunjwa hakinyooki tena sawasawa, na baada ya hapo kitaacha mwanya na kioo kwa maisha yake yote. Fanya hivyo asubuhi ya pili, jua likisha kuupasha mpira joto la kiasi, kwa kuwa mpira mkavu uliopoa huvunjika.

Uking'oka, utauona ukweli wa mlango wako. Mdomo wa bati uliokuwa umefunikwa utakuwa na mstari wa tope jeusi lililoganda, na chini ya tope, kutu. Kwangua tope kwa mwanzi ule ule, futa, kisha ubonyeze bati kwa ncha ya bisibisi kila baada ya upana wa vidole viwili. Bati lililo zima hurudisha mkono. Lililooza hukubali, na pengine bisibisi hupenya. Likipenya, simamisha kazi na umwite fundi wa bodi akate sehemu iliyooza na kuchomelea kipande kipya, kwa maana kuziba tundu kwa puti mahali panapotikiswa kila mlango ufungwapo ni kujidanganya kwa gharama: puti hunywa maji kwa nyuma, ikalegea, na kutu ikaendelea kula nyuma ya pazia. Lakini ikiwa kutu ni ya juu tu, piga brashi ya waya hadi uone chuma chenye rangi ya fedha yenye madoa madoa, fuatisha msasa wa namba 80, kisha 180, halafu upake ile dawa ya asidi ya fosforasi ipate kuzigeuza chembe zilizobaki ndani ya madoa, na uiache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa yake. Wapo wasafishao kutu kwa ndimu au ukwaju, kama wazee wasafishavyo vyombo vya shaba, nao ukali wake huila kutu nyepesi kwa yakini. Ila ukifanya hivyo suuza sana na ukaushe papo hapo, kwani ukali uliobaki huzaa kutu mpya kabla ya jua kuchwa.

Fremu yenye stika hutaka taratibu nyingine, na saa nyingine. Hapa joto ni rafiki: acha mlango juani hadi kiasi cha saa 8 mchana, kisha uinue ukingo kwa ukucha na uvute polepole, utando ukiwa umelala juu ya nafsi yake wala haukusimama wima, ili gundi itoke nao. Ukivuta kwa pupa utando hukatika vipande, na utaumaliza mchana ukikwangua. Gundi itakayobaki ilainishe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usugue kwa mviringo, kisha osha kwa sabuni mara mbili, kwa kuwa mafuta ya taa huacha utelezi usioonekana ambao rangi huuchukia. Mpitisho wa mwisho wa thina uwe mwepesi na wa haraka, kwani ikiwa gari lilikwisha kupakwa rangi ya mitaani, thina itaila rangi hiyo na kuichafua fremu upya. Ama kurudisha stika mpya, mimi sishauri, ijapokuwa iko madukani na bei yake si kubwa. Ukingo wake mmoja tu ukiachia, chumvi huingia, na utarudi ulipoanzia, ilhali rangi iliyopakwa vyema hushika bati lote.

Kwenye rangi iliyobambuka, si lazima kukwangua fremu yote hadi chuma. Iondoe iliyolegea, ujaribu ukingo wa iliyobaki kwa kubandika kipande cha tepu na kukivuta kwa ghafula; isiyotoka na tepu imeshika, nayo hufaa kuachwa. Kisha mteremko kati ya chuma na rangi uulainishe kwa msasa wa namba 180 na baadaye 320, hata ukifumba macho na kupitisha kidole usijue wapi pameanzia na wapi pameishia, kwa maana ngazi yoyote uihisiyo kwa kidole utaiona kwa macho rangi ikisha kukauka. Sugua kwa maji badala ya kusugua kavu, na ufunike pua kwa barakoa, kwa sababu rangi za zamani aghalabu zilichanganywa na risasi, na vumbi la risasi ni baya hasa kwa watoto wanaopenda kukaa karibu na fundi.

Funika kioo, bati la mlango na kioo cha pembeni kwa gazeti la karatasi mbili mbili, maana moja hupitisha rangi, na ukandamize ukingo wa tepu kwa ukucha. Futa vumbi kwa kitambaa kilichotiwa thina kidogo. Tikisa kopo la praima dakika 2 nzima, hata ile gololi ya ndani isikike ikicheza huru, kisha upulize kutoka umbali wa sentimita 20 hadi 25, mkono ukitembea tangu kabla hujabonyeza hadi baada ya kuachilia. Mpako wa kwanza uwe hafifu mno, unaoonyesha chuma kwa chini. Asiyekuwa na saburi hapa ataona rangi ikichuruzika. Ngoja dakika 10 au 15, rudia. Praima ikisha kukauka, yaani siku ya pili yake ikiwa wasaa upo, ipitishie msasa wa namba 600 kwa maji, ioshe, ikauke, ndipo uje na nyeusi.

Katika kuchagua nyeusi hiyo, duka litakuwekea mbele namna tatu: yenye kung'aa, isiyong'aa kabisa, na ya wastani. Chagua ya wastani, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyotoka kiwandani katika magari mengi ya umri huo. Yenye kung'aa huonyesha kila kasoro ya bati lililonyooshwa kwa nyundo, na isiyong'aa kabisa ina uso wenye vinyweleo unaokamata vumbi na chumvi, ukachujuka kabla ya mwaka. Mipako mitatu myembamba hutosha. Baada ya wa mwisho, usingoje hadi siku ya pili kuondoa tepu. Iondoe tepu wakati rangi haishiki tena kidole lakini ingali laini, ukiivuta nyuma juu yake yenyewe, la sivyo itapasua ukingo wa rangi pamoja nayo. Rangi zile za kuchanganywa na hadena ni imara kuliko za kopo, lakini mvuke wake una sumu iletayo pumu isiyopona, nazo ziachwe kwa fundi mwenye barakoa yake ya kichujio na mashine yake. Wakati wowote uwapo na thina, jiko na sigara viwe mbali.

Mpira usiupake rangi. Nalisisitiza kwa kuwa hapa ndipo watu huanguka: mpira hunepa, rangi hainepi, na rangi isiyonepa juu ya kinachonepa haina mwisho ila kupasuka. Raba ya kioo cha mbele na ya nyuma, ikiwa bado ni laini, ioshe kwa sabuni, ikauke, uipake glisirini kutoka duka la dawa au mafuta ya silikoni, na urudie kila baada ya miezi miwili au mitatu wakati wa kiangazi. Ikiwa imepasuka hadi ndani, mpya ndiyo dawa, na kutia kioo cha mbele ni kazi ya watu wawili wenye uzoefu. Usiifanye peke yako kwa kamba na matumaini.

Vivyo hivyo ukanda wa mlango ambao mpira wake umebambuka hata chuma kikaonekana hauna tiba ya kudumu. Waweza kuusafisha, kuupaka praima na nyeusi ile sehemu ya chuma tu, na ukakusaidia kwa msimu mmoja ukingoja mpya. Lakini ikiwa manyoya yake yamekwisha, umekoma kuwa ukanda, kwa kuwa manyoya ndiyo yazuiayo maji. Unaponunua mpya chukua na wa zamani uwe kielelezo, ulinganishe urefu, mkunjo, na hasa mahali zilipo klipu, maana milango ya mwaka mmoja na mwingine wa gari lenye jina lile lile hutofautiana, na ukanda wa mlango wa kulia si wa kushoto. Uukunje kidogo kwa mkono dukani: mpira uliokaa rafuni miaka mingi huonyesha nyufa nyeupe papo hapo.

Kabla ya kuurudisha, mlango ukiwa bado uwazi kwa juu, mulika ndani kwa tochi, kisha uchuchumae na utafute vitundu vya kutolea maji vilivyo kwenye ukingo wa chini wa mlango. Aghalabu ni viwili au vitatu, na katika gari la Chara karibu vyote huwa vimezibwa na tope kavu lililo gumu kama tofali. Vizibue kwa waya, ukimwaga maji kwa juu hata yatoke safi, uache mlango ukauke siku nzima. Ukitaka, pulizia ndani mafuta mazito ya kuzuia kutu. Ndipo ukanda urudi: anzia upande wa bawaba, uulaze sawasawa juu ya mdomo wa bati, ubonyeze kwa kiganja penye kila klipu hata usikie mlio wake, umalizie na ile parafujo, ikiwa imetiwa grisi kidogo. Rangi ya chini yake iwe imepata siku moja kamili au zaidi, na kioo usikipandishe siku hiyo, manyoya yasije yakabandika kwenye rangi.

Baada ya juma moja, mimina ndoo ya maji polepole juu ya kioo kilichofungwa. Kiasi kidogo kitapita, maana hakuna ukanda uzibao kabisa, nacho kionekane kikidondoka kutoka kwenye vitundu vya chini. Kisipodondoka hapo, bali zulia la ndani likalowa, basi ile karatasi ya plastiki iliyo nyuma ya kava la mlango imepasuka: fungua kava, ondoa mabaki yake, ubandike nailoni nzito mpya kwa gundi pande zote, ukiuingiza ukingo wake wa chini ndani ya mlango ili maji yarudi humo, kisha ufunge kava na umimine ndoo ya pili.